Maswali Yenu: Mzee Anaitikia «Sí, Sí» Lakini Hajasikia

Toleo lililopita niligusia, kwa aya mbili tu, wazee wa Kimexico ninaokutana nao kila wiki katika kliniki ya usikivu hapa kusini mwa Arizona: watu wa miaka sabini na themanini, lugha yao Kihispania, masikio yamekuwa mazito. Barua zilizokuja zimenionyesha jinsi Waswahili tulioko Marekani tunavyoishi karibu na wazee hawa. Tunawatunza majumbani mwao, tumeoa na kuolewa kwao, tunasali nao parokia moja. Nimechagua barua tano. Majina nimeyaacha, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike mtu.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni Mkongo, nimetoka Uvira, sasa niko Tucson. Natunza mzee wa miaka 79 aliyezaliwa Sonora, Mexico. Alifanya kazi mgodi wa shaba kule Cananea, kisha akavuna saladi mashamba ya Yuma. Televisheni anaiwasha asubuhi kwa sauti ya juu mpaka jirani analalamika. Nikisema naye anatabasamu, anasema «sí, sí», yaani ndiyo, ndiyo, halafu anafanya kitu kingine kabisa. Juzi nilimwambia dawa ni baada ya chakula, akameza kabla. Binti yake anasema baba anasikia akitaka. Kihispania changu ni kidogo, kwa hiyo sijui kama shida ni masikio yake au ulimi wangu. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, umeuliza swali ambalo wengi hawalifikirii. Anza kwa kumtazama akiwa na binti yake, maana wao lugha ni moja. Je, binti anarudia maneno? Mzee anageuza kichwa, anatazama midomo? Simu ikilia, anampa mtu mwingine azungumze? Wajukuu wakija, anawaelewa wakubwa na kuwapoteza wadogo? Wazee wa Mexico wasiposikia husema «¿mande?», yaani unasemaje, kwa heshima. Mzee wako akilisema mara nyingi kwa mwanawe mwenyewe, basi ulimi wako hauna hatia. Na akiwa ameacha hata kusema «mande», akabaki na «sí, sí» tu, ujue amechoka kuuliza.

Sasa hili la «anasikia akitaka». Nimelisikia kwa Kihispania, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kila mara linaniuma, kwa sababu mzee anahukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojipinda kama gamba la konokono, na ndani yake chembe zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Zile za mwanzo wa mfereji hupokea sauti nyembamba, nazo ndizo huchakaa kwanza, kwa umri na kwa kelele. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mtu aliyekaa miaka karibu na mitambo ya mgodi, kisha na matrekta, alianza kuzipoteza akiwa kijana.

Matokeo yake ni haya: sauti nzito za a, o, u anazisikia vizuri, lakini s, f, t na ch zinapotea. Kwa hiyo anajua kwamba unasema, hajui unasema nini. Chumba kikiwa kimya, uso wako ukiwa kwenye mwanga, ubongo wake unajaza mapengo na anakujibu sawasawa. Bomba la maji likifunguliwa, au ukimwita kutoka jikoni, mapengo hayajaziki. Binti anayaona yote mawili kwa siku moja na kudhani baba anachagua. Hachagui. Kisukari nacho huendana na upotevu wa usikivu, na wazee wengi wa huku wana kisukari, kwa hiyo muulize binti kama baba anacho.

Kuhusu dawa nitakaa kidogo, maana hapo ndipo mtu anapoweza kuumia. Kihispania kina namba zinazofanana mno kwa sikio lililochoka. Sesenta ni sitini, setenta ni sabini. Dos ni mbili, doce ni kumi na mbili, tres ni tatu, trece ni kumi na tatu. Ukimwambia kidonge cha saa nane mchana kwa hesabu yetu, yaani a las dos, anaweza kusikia a las doce, saa sita. Namba yoyote ya dawa, miadi au pesa usiiache hewani. Iandike kwa herufi kubwa, kalamu nyeusi, karatasi nyeupe. Kama hasomi vizuri au macho hayaoni, onyesha vidole na umwonyeshe saa ya ukutani. Kisha usimuulize kama ameelewa, kwa sababu jibu unalijua tayari. Muulize: «¿A qué hora se la va a tomar?» Yaani, utainywa saa ngapi? Akikutajia saa mwenyewe, hapo una uhakika.

Mengine ni mazoea ya kila siku. Usianze kusema kabla hajakuona. Mwite jina lake, Don fulani, yaani Bwana fulani, na umwambie usted, «wewe» ya heshima. Huyo ni mzee wa watu, kama ambavyo usingemwita mzee wa Uvira kwa jina tupu. Akikutazama, subiri kidogo, ndipo useme. Kaa mbele yake, umbali wa mkono mmoja au miwili, dirisha likiwa usoni kwako wala si mgongoni. Televisheni omba ruhusa uizime, usimnyang'anye rimoti. Usipige kelele: ukipaza sauti unakuza zile a na o ambazo tayari anazisikia, na uso unaonekana umekasirika. Sema polepole kiasi, na asipokuelewa mara ya pili badilisha maneno. Sentensi ileile ikirudiwa mara tano inawachosha wote wawili.

Jirani naye asaidiwe. Washa maandishi ya Kihispania chini ya picha. Vipindi vya Univision na Telemundo vinayo. Zipo pia spika ndogo za kuweka mezani karibu na mzee na vipokea sauti vya masikioni vinavyounganishwa na televisheni, naye akaongeza sauti apendavyo peke yake.

Hatua ya daktari isicheleweshwe. Mwambie binti, na umwambie muuguzi wa wakala wako, kwa maandishi, yale uliyoyaona: televisheni, simu, dawa. Daktari wa kawaida atazame kwanza kama sikio limeziba kwa nta, maana nta pekee inaweza kumfanya mtu asisikie, na inaondolewa kwa dakika chache. Wewe usitie kitu chochote sikioni mwake. Na kama kuna mtu wa familia anayetaka kumwekea koni ya gazeti sikioni na kuiwasha moto, dawa ya kienyeji inayojulikana sana Mexico, zuia kwa upole. Nta haitoki kwa moto. Kinachobaki ni majivu, ngozi iliyoungua na hatari ya ngoma ya sikio kutoboka.

Kisha apimwe na mtaalamu wa usikivu. Tangu 2023 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, inamruhusu mtu mwenye tatizo lisilo la ghafla kupimwa na mtaalamu mara moja kila miezi 12 bila agizo la daktari. Ombeni kipimo kwa Kihispania. Milio ya kipimo haina lugha, lakini maelekezo yanayo, na sehemu ya kurudia maneno inayo zaidi. Kwa Kiingereza mara nyingi hutumika maneno ya silabi moja. Kwa Kihispania hutumika ya silabi mbili, maana ndivyo lugha ile ilivyo. Mzee wa Sonora akiambiwa arudie maneno ya Kiingereza, kinachopimwa ni shule aliyokosa.

Na kuna siku ya kutongoja miadi. Sikio likifa ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hasa upande mmoja, ni dharura: apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu dawa inayoweza kusaidia hufanya kazi vizuri ikianza mapema. Usaha, damu, kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, vivyo hivyo.

SWALI: Mimi ni Mkenya wa Nakuru, nimeolewa Phoenix katika familia ya Kimexico. Mama mkwe ana miaka 74. Watoto wake walichanga zaidi ya dola 4,000 wakamnunulia mashine za masikio za pande zote mbili. Alizivaa wiki moja. Sasa ziko kwenye droo pamoja na hereni zake. Anasema zinapiga filimbi, maji ya sinki yanamtoboa kichwa, na kanisani watu wanamwangalia. Mume wangu amekasirika kwa sababu ya pesa, shemeji zangu hawamsemeshi. Mimi ndiye ninayekaa naye mchana. Naweza kuanzia wapi?

JIBU: Anzia kwa kuwaondoa shemeji kwenye droo hiyo. Nasema kwa moyo wote: mzee anayeulizwa kila siku «mbona hujavaa?» hatavaa. Pesa zimeshatoka, na hasira haizirudishi. Kinachoweza kuzirudisha ni kusoma mkataba wa ununuzi, kwa sababu mara nyingi kuna muda wa majaribio ambao kifaa kinaweza kurudishwa. Mume wako na aitumie nguvu yake huko.

Sasa tumsikilize mama, maana kila alilolisema lina sababu.

Filimbi hutokea sauti inapotoka kwenye kifaa, ikavuja nje ya sikio na kuingia tena kwenye maikrofoni yake. Inavuja kwa sababu kile kipira cha mwisho hakijaingia vizuri, au ni kidogo kuliko sikio lake, au kuna nta. Hilo hurekebishwa kliniki kwa muda mfupi. Muangalie pia asiwe anabadilisha pande: alama nyekundu ni sikio la kulia, buluu ni la kushoto. Nimewaona wazee waliopewa mafunzo kwa Kiingereza cha haraka wakaondoka hawajui hata hilo.

Maji ya sinki ni jambo jingine. Mama amekaa miaka, pengine kumi, akipoteza sauti nyembamba kidogo kidogo. Ubongo umezoea ulimwengu usio na sahani kugongana, karatasi kukunjwa, feni kuvuma. Siku moja vyote vimerudi kwa pamoja. Si kwamba kifaa kimeharibika, na si kwamba yeye ni mdekaji. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kujifunza upya kipi ni cha kusikilizwa na kipi ni cha kupuuzwa, na haujifunzi kama kifaa kiko kwenye droo.

Kwa hiyo mpeni ratiba ya huruma. Siku za kwanza avae saa moja au mbili, nyumbani, penye utulivu, akizungumza na mtu mmoja. Wewe unafaa, kwa sababu unakaa naye mchana na hujamkasirikia. Baadaye mtoke nje ya nyumba, msikilize ndege, kisha dukani. Mkusanyiko wa familia wa Jumapili, pamoja na muziki wa norteño na watoto wanaokimbia, uwe wa mwisho. Hapo hata vifaa vya bei kali hushindwa. Andika kila kinachomkera: saa, mahali, sauti gani. Karatasi hiyo nendeni nayo kliniki, kwa sababu vifaa hivi hupangwa kwa kompyuta na vinaweza kupunguzwa makali kisha kupandishwa taratibu. Kifaa kilichopangwa siku moja kisirudiwe tena ni nusu ya kazi.

Muulize pia kuhusu vidole. Mwenye baridi yabisi, au ambaye kisukari kimemfanya vidole vife ganzi, hawezi kushika betri ndogo kama ile ya ukubwa wa 312, yenye kibandiko cha kahawia. Kama vyake ni vya betri, kibandiko kikitolewa aiache wazi dakika moja hivi kabla ya kuiweka, kwa sababu betri hizi za zinki zinahitaji hewa ili ziamke. Akishindwa kabisa, viko vya kuchaji, anaviweka kisandukuni usiku kama simu. Phoenix kuna joto, kwa hiyo visiachwe garini. Jasho likaushwe. Na kama kuna mbwa, viwekwe juu: mbwa huvutwa na harufu ya sikio la mtu na hutafuna kifaa cha maelfu ya dola kwa dakika moja.

Yote hayo ni upande wa kifaa. Upande wa mama mwenyewe, kuna swali moja ambalo pengine hakuna aliyemuuliza: ni sauti gani anayoikosa? Ninapowauliza wazee, hawaniambii wanataka «kusikia vizuri». Mmoja anataka kumfuata padre. Mwingine anataka kujua wajukuu wanacheka nini. Mwingine anataka kupiga gumzo kwa simu na dada yake aliye Hermosillo bila kumrudisha rudisha. Mama mkwe akikutajia sauti moja, mfanye hiyo kuwa safari yenu, na mengine yaacheni.

Aibu ya kanisani haiondoki kwa kuambiwa usione aibu. Inapungua akikutana na wenzake. Hapa lazima niwasimulie habari ya Nogales, mji wa mpakani uliogawanywa na uzio, nusu Arizona na nusu Sonora. Katikati ya miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walishirikiana na kituo cha afya cha jamii cha Mariposa kutengeneza mpango unaoitwa Oyendo Bien, kusikia vizuri. Walioongoza vikao walikuwa promotoras, yaani wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mitaa ileile, wanaojulikana kwa majina, wanaozungumza Kihispania cha hapohapo. Wazee walikutana katika vikundi kwa wiki tano, na jamaa zao wakakaribishwa. Hawakuuziwa kitu. Walijifunza sikio linavyofanya kazi, namna ya kumwambia mtu «nitazame ukisema nami», namna ya kuchagua kiti mahali penye kelele, vifaa gani vipo na msaada unapatikana wapi.

Naupenda mpango huu kuliko mengi niliyoyaona, kwa sababu uliwachukulia wazee kuwa watu wenye akili na jamaa, ambao hawakuwahi kuelezwa. Mzee akimsikia jirani yake akisema mbele ya watu «mimi nilikuwa najibu sí, sí, nami sikusikia kitu», kifua chake kinashuka. Kwetu Tanga nilikuwa na shangazi aliyekaa pembeni ya kila harusi akitabasamu, tukadhani amekuwa mpole uzeeni. Hakuwa na promotora, wala mpwa aliyejua la kufanya.

Usidhani mama mkwe wako ni kichwa ngumu wa pekee. Utafiti mkubwa wa afya ya Wahispania wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, uliwaangalia watu wa miaka 45 hadi 76 waliokwisha kupimwa na kukutwa na upotevu wa usikivu. Waliokuwa wakitumia vifaa walikuwa chini ya 5 kwa kila 100. Kukosa bima kulikuwa sehemu kubwa ya sababu. Kwa hiyo mama mwenye vifaa mkononi, hata kama viko drooni, ameshavuka kikwazo ambacho wengi hawajakivuka.

Na msimtishe kwa habari za kusahau. Najua mtu atamwambia kwamba asipovaa atapata ugonjwa wa akili ya uzee. Ni kweli upotevu wa usikivu umehusishwa na ugonjwa huo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowafuata wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa wote kwa pamoja, akili za waliotibiwa masikio zilipungua kwa kasi isiyotofautiana na ya wasiotibiwa. Lakini kwa kundi lililokuwa katika hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, akili za waliotibiwa zilipungua kwa kasi ndogo karibu nusu. Ni habari ya kutia moyo. Ukiitumia kama fimbo, itampeleka mama kwenye huzuni badala ya kumpeleka kliniki.

SWALI: Mwanangu ana miaka 12. Baba mkwe wangu ni mtu wa Guatemala, anaongea Kihispania tu, na hasikii vizuri. Mtoto ndiye anayemfasiria kliniki kwa sababu sisi wazazi tuko kazini. Wauguzi wanafurahi naye. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Sheria ya afya ya Marekani, kifungu cha 1557, inazitaka kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu kutoa mkalimani bila malipo, na inazikataza kumtegemea mtoto isipokuwa katika dharura wakati mkalimani hayupo. Mtoto wa miaka 12 hajui kueleza «neva» kwa Kihispania, na babu hatasema mbele ya mjukuu kwamba anasikia mlio usiku na analia. Mara mbili anapoteza: kwa lugha na kwa sikio.

Mnapoweka miadi semeni mapema: mgonjwa anahitaji mkalimani wa Kihispania aliyepo chumbani. Mkalimani wa simu ni mgumu kwa mtu asiyesikia. Hawezi kuona midomo, na sauti ya simu imekatwa zile sauti nyembamba. Wa video ni afadhali kuliko wa simu, skrini ikiwa kubwa na spika nzuri. Aliyepo ndiye bora, akae pembeni ya daktari ili babu awaone wote wawili. Na kama babu lugha yake ya kwanza ni mojawapo ya lugha za Kimaya, kama walivyo wengi wa Guatemala, semeni pia. Huenda Kihispania chenyewe ni lugha yake ya pili.

Mjukuu mwacheni aende, akae na babu kwenye benchi. Hiyo ndiyo kazi yake.

SWALI: Naendesha lori, nyumbani ni El Paso. Jirani yangu mzee ameniomba nimwagizie mtandaoni vifaa vya kusikia vya dola 40. Nimwagizie?

JIBU: Hapana, kaka. Vya bei hiyo kwa kawaida ni vikuza sauti tu: vinaongeza kila kitu, mlango ukigongwa vinamtesa, na sauti alizopoteza hazirudi.

Tangu tarehe 17 Oktoba 2022 sheria inaruhusu vifaa halisi vya kusikia kuuzwa dukani bila cheti cha daktari, kwa watu wazima wa miaka 18 na zaidi wenye upotevu mdogo au wa wastani. Boksi liwe na herufi OTC, yaani kifaa kinachouzwa bila cheti. Bei mara nyingi ni dola mia kadhaa. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa na chakula iliruhusu hata programu inayogeuza AirPods Pro, vipokea sauti vya masikioni vya kampuni ya Apple, kuwa kifaa cha kusikia, ingawa inataka mtu mwenye simu ya iPhone na ujuzi wa kuipangilia, na hapo mjukuu anaweza kusaidia. Soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, na uhakikishe kuna namba ya msaada inayojibiwa kwa Kihispania. Kama jirani hasikii hata mtu anayesema kwa sauti chumba kikiwa kimya, au injini ya lori lako hainyanyui kichwa chake, vya dukani havitamtosha, aende kupimwa.

Kuhusu malipo: Medicare ya kawaida hailipii vifaa vya kusikia. Mipango ya Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, mara nyingi huchangia, kila mmoja kwa kiwango chake. Kama aliwahi kuwa mwanajeshi wa Marekani, aulize idara ya maveterani kabla ya kutoa senti, maana huko vifaa hutolewa kwa wanaostahili. Chuo chenye mafunzo ya usikivu nacho mara nyingi huwa na kliniki ya gharama nafuu.

SWALI: Mimi ni kiongozi wa kwaya ya Kiswahili. Parokia yetu ina misa ya Kihispania saa nne na yetu saa sita. Wazee wa Kihispania hubaki baada ya misa, nimewaona wakiulizana padre alisema nini. Paroko ameniuliza kama kuna kitu parokia inaweza kufanya kwa gharama ndogo. Kipo?

JIBU: Kipo, na nimefurahi kwamba amekuuliza wewe uliyewaona.

Cha kwanza hakina gharama: maikrofoni itumike kila mara. Wasomaji wengi wana sauti kubwa na huisogeza pembeni wakidhani wanasikika. Wanasikika, hawaeleweki. Ukumbi wa kanisa una mwangwi, na mwangwi huvuruga zilezile s na t ambazo mzee amebaki nazo chache.

Cha pili, viti vya mbele upande wenye mwanga mzuri viachwe kwa wazee wenye masikio mazito, na wahudumu wa mlangoni wawapeleke huko kwa heshima, bila kutangaza. Mwenye sikio moja zima akae sikio hilo likielekea mimbari. Tatu, masomo na wazo kuu la mahubiri yachapwe kwa Kihispania, herufi kubwa, nakala chache mlangoni.

Kama kuna fedha kidogo, paroko aulizie waya wa mzunguko unaowekwa sakafuni na kupeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye vifaa vya kusikia vyenye koili, waya mdogo uliosokotwa, ndani. Mvaaji anabonyeza kitufe na mwangwi unapungua sana. Si kila kifaa kina koili hiyo, na kwa wasio na vifaa kunaweza kuwekwa vipokeaji vichache vya kuazima. Fundi aje aone jengo kwanza, maana chuma kilicho sakafuni hubadilisha gharama.

Na kuna promotoras katika miji mingi ya huku, kwenye vituo vya afya vya jamii. Mwalike mmoja baada ya misa ya saa nne, mpeni chumba kidogo kisicho na feni ya kelele, viti vipangwe duara ili kila mtu aone midomo ya mwenzake. Watu wanane wanatosha. Kwaya yenu ianze mazoezi nusu saa baadaye siku hiyo, kwa sababu ngoma zenu zinapita ukutani.

Jambo la mwisho la kumwambia paroko: matangazo ya mwisho wa misa yasisomwe wakati watu wanasimama na kuburuta viti. Chanjo, miadi ya bure, tarehe ya kikao hicho cha promotora, vyote hutajwa hapo. Yasomwe watu wakiwa wamekaa, na tarehe ibandikwe mlangoni kwa namba kubwa.